Mwisho Nilioubadilisha

Mjukuu wangu Nabirye,

Hapa Bugembe tupo, ila mguu wa bibi yako bado unamsumbua.

Umeuliza kwa nini niliacha kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Siku moja tulionyesha filamu ya zamani: baba anamfukuza mwanawe, na anapokuja kumfuata anamkuta kijana ameshakufa. Watu walilia, nami kwenye maikrofoni nikawadanganya kwamba kijana amelala tu.

Baba yangu alikuwepo. Alikuwa amemfukuza kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa kule Mbale. Akaniambia, "Kumbe muda upo. Tutamfuata tukishavuna."

Baada ya mavuno, tulipofika chumbani kwa kaka, mtaa wa Namakwekwe huko Mbale, majirani walikuwa wamemfunika shuka. Baba akanishika mkono.

"Waambie amelala," akasema.

Sijashika maikrofoni tena.

Babu yako