Mtoto wa Thelathini na Tano

Shule ya Shamba la Mkonge Kivuleni,
Sanduku la Posta 114,
Tanga.
Jumapili, 22 Mei 1955

Mpendwa Dada Ruthi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Luka na watoto. Kifua cha Noa kimepona, au bado anakohoa alfajiri? Na joto la Mombasa, mmelizoea? Mimi mwilini sijambo, ila usingizi umekuwa haba na chakula hakipiti vizuri. Mama ameniletea salamu kutoka Mlalo kwa mchuuzi mmoja wa viazi. Mguu wake sasa unamfikisha kanisani na kumrudisha. Anauliza kwa nini mimi na wewe hatuandikiani.

Barua hii tafadhali isome peke yako kwanza, kisha umwonyeshe shemeji. Mkikubaliana, ndipo umsomee Anjela habari za walimu, polepole, hata mara mbili. Sababu utaiona mbele.

Kama ujuavyo, niliajiriwa ofisi ya shamba, lakini tangu mwaka jana nimeazimwa shuleni kutunza rejista. Shule ni ya watoto wa manamba, vibarua wa mkataba, na wa vijiji vya jirani, madarasa manne tu chini ya paa moja la bati. Leo nataka kukujulisha watu wa darasa la kwanza, mmoja mmoja, kama ambavyo ningekujulisha kwa mdomo ungekuwa umekaa hapa.

Mwalimu wa darasa ni Bibi Dorkasi, Mbondei wa upande wa Muheza, mjane. Ni mfupi, sauti yake ni nzito kuliko mwili wake, na watoto wote huwaita "wanangu", hata wale wanaomzidi kimo. Hatumii fimbo. Akitaka kimya hugonga ubao kwa fundo la kidole mara mbili, basi. Hesabu hufundisha kwa vipande vya mlingoti wa mkonge alivyovikata mwenyewe na kuvikausha, kila mtoto vipande kumi katika mfuko wa kitambaa. Anjela akiulizwa vipande vyake viko wapi, asishangae. Vyake vipo. Nilivikata mimi jana kutoka mlingoti mkavu.

Uji wa saa nne hupikwa na Bi Kijakazi, mama wa Kidigo mwenye mkono wenye kovu la moto. Yeye huwajua watoto kwa vibakuli, wala si kwa majina. Kila asubuhi nampelekea idadi ya watoto, naye hupanga vibakuli vyake kwenye ubao mrefu kabla kengele haijalia. Ni mtu wa mzaha, na mzaha wake unauma.

Kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa, na anayekigonga ni Mzee Shaame, mtu wa Pemba. Alikuja bara zamani kuuza mchele, akaoa hapa, akabaki. Ndiye bawabu, ndiye mfukuza mbuzi, na ndiye hutumwa kuwatafuta watoto. Mtoto akikosa shule siku mbili hakuna neno. Siku ya tatu Mzee Shaame huchukua bakora yake na kwenda hadi mlangoni kwao kuuliza kulikoni. Hajapata kuacha. Mjukuu wake, Mwanakhamis, yumo darasa la kwanza, anakaa dawati la mbele.

Juu ya wote yuko Mwalimu Mkuu Mselem. Huyu hapigi kelele. Hufuta miwani yake kwa ncha ya kanzu, huku akingoja mtu mwenyewe ajue kosa lake. Rejista yangu huitia sahihi kila Ijumaa.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Dada, tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho.

Shamba limeweka sharti kwamba darasa la kwanza lisipotimiza watoto thelathini na watano litafungwa, na watoto wapelekwe shule ya misheni, maili tisa kutoka hapa. Mtoto wa miaka saba hatembei maili tisa. Mwezi wa Februari, baba mmoja alimaliza mkataba wake akahamia Maramba na mwanawe, tukabaki na thelathini na wanne. Nikampelekea Mwalimu Mkuu orodha. Akaitazama, akafuta miwani.

"Karani, hii haijatimia."

"Ndiyo, mwalimu. Mmoja kaondoka."

"Nimekuambia haijatimia. Kaitazame tena."

Nikarudi mezani kuitazama. Hakunambia niandike jina la uongo, na nikiulizwa leo siwezi kusema aliniambia. Nilijaribu kubuni jina na mkono ukakataa, maana kila jina nililolifikiria niliona lina mwenyewe mahali fulani. Barua yako ya mwezi wa kwanza ilikuwa palepale chini ya kichupa cha wino. Ulikuwa umeniandikia kwamba Anjela amekataliwa shule huko kwa kuwa nafasi zimejaa, na kwamba alilia akitazama watoto wa majirani wakipita na vibao vyao. Huku kuna nafasi isiyo na mtoto, huko kuna mtoto asiye na nafasi. Nikaandika: Anjela Luka, miaka saba, anakaa kwa mjomba wake, Eliudi, karani. Nilijiambia nitakuandikia kesho yake kukuomba umlete. Dada, kesho yake niliogopa, na siku iliyofuata pia, na sasa ni mwezi wa tano.

Bibi Dorkasi huweka alama za mahudhurio kwenye kibao chake, nami huzinakili katika rejista kubwa. Kwa hiyo jina hilo lilionekana kwangu tu, na kwa Mwalimu Mkuu anayetia sahihi. Kila siku nilimwekea Anjela mstari wa yupo. Sikuthubutu hata mara moja kumwekea sifuri. Niliona zikifuatana sifuri tatu, Mzee Shaame atachukua bakora yake, na mlango atakaobisha ni wangu.

Kosa langu ndilo hilo. Mke wa Bwana Meneja ameahidi gauni jipya kwa mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajakosa hata siku moja tangu aandikishwe hadi mwisho wa Mei. Litatolewa Jumamosi tarehe 11 Juni, mbele ya mkaguzi wa shule, ambaye siku hiyo ataita majina na kila mtoto atasimama. Watoto wetu wote wamekosa siku fulani, kwa homa, au mvua, au kulea wadogo zao. Wote ila mmoja.

Ijumaa hii Mwalimu Mkuu alitukusanya akasoma jina la mshindi kutoka rejista yangu mwenyewe. Anjela Luka. Nilishika ukingo wa meza. Bibi Dorkasi alininyanyulia macho, kisha akasema, "Mtoto mtulivu sana huyo. Sijapata kumsikia akipiga kelele." Mwalimu Mkuu akakunja karatasi yake.

Nilipotoka nilipita jikoni, nikiwa nataka maji tu.

"Karani," akasema Bi Kijakazi, "huyo mwanao wa thelathini na tano ni malaika au ni mtu?"

Nikajifanya sielewi.

"Tangu mwezi wa Februari natandika kibakuli chake, na kila siku kinarudi kimejaa. Malaika hawali. Uji wake nampa Mwanakhamis, alivyo mwembamba. Sasa usije ukanifutia kibakuli hicho kwa woga wako."

Basi wanajua. Nilidhani wakijua nitapumua, kumbe sasa ndiyo sina pa kutokea. Nikisema kweli, darasa linafungwa, Bibi Dorkasi hana kazi, na wao wawili wataulizwa kwa nini walinyamaza. Nikinyamaza, tarehe 11 litaitwa jina na hakuna atakayesimama. Karani aliyekuwa ofisi yetu kabla yangu aliitwa kwa Bwana Meneja kalamu ikiwa sikioni, akatoka hana kalamu wala nyumba, na yeye alikosea tarehe tu. Mimi nimeandika mtu.

Jioni ile Bibi Dorkasi alinikuta nafunga dirisha la darasa. Hakunigombeza. Aliniuliza kama mtoto huyo anaishi kweli duniani. Nikamwambia yupo, ni wa dada yangu, na hana shule. Akaniambia, "Basi mwandikie mama yake. Mweleze kila mmoja wetu, mtoto asije akatushangaa. Atalala kwangu, si kwako, wewe hata wali huwezi kupika." Ndiyo maana nimewaeleza mmoja mmoja namna hii.

Ila kuna neno moja Bibi Dorkasi halijui, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko mkaguzi.

Mtoto anayemfuata Anjela kwa mahudhurio ni Mwanakhamis. Amekosa siku moja tu tangu Januari. Siku hiyo ilinyesha, nami nilimtuma kupeleka bahasha ofisini kwa kuwa sikutaka kulowa. Aliporudi majina yalikuwa yamekwisha kuitwa. Bibi Dorkasi alikuwa ameacha mahali pake wazi kwenye kibao, akaniambia niandike ninavyoona. Sheria inasema asiyeitika hayupo. Nikamwekea sifuri, kwa wino mzuri, huku maji yakimdondoka miguuni mbele ya meza yangu. Na mstari uliofuata nikaandika kuwa Anjela yupo.

Jana mke wa Bwana Meneja alituma mtu kuomba kipimo cha mshindi, apate kukata kitambaa. Sikujua la kufanya. Nilichukua uzi nikaenda kumpima Mwanakhamis, akicheza nje kwa babu yake. Mzee Shaame akanitazama.

"Wampimia nini mjukuu wangu, karani? Kama ni sanda, mie ndiye mzee, nianze mie."

"Ni gauni, mzee."

"Gauni la nani?"

Nikafunga fundo kwenye uzi, nikaondoka. Ni mtu ambaye huipa shikamoo yangu jibu refu kila asubuhi, nami nilimpa mgongo.

Kwa hiyo, dada, nakuomba mambo mawili, na lolote utakalojibu sitalalamika. La kwanza, umlete Anjela kabla ya tarehe 11, aje kusoma, akae mwaka mzima. Basi la Mombasa likishakaguliwa mpakani Horohoro, mwambie utingo awashushe njia panda ya Kivuleni; niandikie siku, nami nitakuwa hapo. La pili, usimfundishe kusema kwamba alikuwepo. Nilipoanza kuandika nilitaka ajifunze majina haya aweze kudanganya. Nimeyasoma tena nilipofika hapa, nikaona siwezi kumfanya mtoto wa miaka saba abebe nililoshindwa kubeba mimi. Ayajue ili asiogope tu. Akiulizwa amefika lini, aseme siku aliyofika.

Gauni si lake. Kipimo ni cha Mwanakhamis, na nitahakikisha na jina liwe lake. Mwisho wa Mei haujafika, na rejista ya wiki hii bado iko wazi. Kesho Jumatatu nitamwekea Anjela sifuri yake ya kwanza, na Jumanne ya pili. Hapo Mwanakhamis atakuwa mbele. Ijumaa Mwalimu Mkuu atafungua ukurasa kutia sahihi, ataziona, atafuta miwani yake, na mimi sijui nitasema nini.

Nisalimie sana shemeji Luka, na umwambie naomba anisikilize kabla hajanihukumu. Mbusu Noa. Anjela mwambie mjomba wake ana vipande kumi vya mlingoti vilivyokauka vizuri. Mama ukimwandikia, usimtajie haya. Bwana awalinde katika nyumba yenu, na aniangalie mimi pia.

Jumatano itakuwa siku ya tatu, nami nitaandika sifuri kama ilivyo kweli. Mzee Shaame atachukua bakora yake na kuja kubisha mlangoni pangu, maana ndipo nilipoandika kuwa anakaa. Atauliza mtoto yuko wapi. Nitamkaribisha ndani, nitampa kiti, na nitamwambia bado namngoja mama yake ajibu.

Mdogo wako akupendaye na kukutegemea,

Eliudi