Papa, Walingoja Nijibu

Mpendwa Papa,

Hapa mtaani Kasha mvua haijakatika tangu asubuhi, na mabati yanapiga ile kelele ninayoichukia. Ungekuwepo ungeshaniletea kitenge kizito nijifunike kichwa, bila kuniuliza. Nimejifunika mwenyewe, nakuandikia.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Muhumba kwa yule mama mwanasaikolojia? Nilikuwa bado sekondari. Ulishachoka na vyumba vya maombi, watu kunishika kichwa na kunipigia kelele eti pepo litoke. Ulivaa koti la harusi kama mtu anayekwenda kuposa. Mama yule alizima taa iliyokuwa ikivuma juu yetu, akaniambia nikae popote ninapotaka. Nikakaa chini, uso ukutani. Ukaona haya.

“We! Salimia maman, umupe mukono!”

“Umuache, papa,” akasema. “Ananisikia muzuri pale.”

Ukamuuliza nitapona lini.

“Haiko mugonjwa. Iko na autisme, ule usonji, kichwa yake inatumika na njia yake. Hatutamubadilisha yeye. Tutabadilisha namna munaishi naye.”

Ukanyamaza, jambo geni kwako. Maana tuseme ukweli, Papa, ulikuwa na mdomo! Pale soko la Kadutu uliuza vitenge kwa maneno zaidi ya kwa mita. Ndiyo maana kazi aliyokupa ilikutesa: kuniuliza jambo moja, kisha kufunga mdomo mpaka nijibu. Watu wengi waliona kimya changu ni kiburi au ujinga. Yeye alikueleza kwamba jibu langu linakuja, ila linapita njia ndefu.

Jioni ile ile ukajaribu. “Utakula bugali ao muchele?” Kisha ukaanza kutazama dari, kukuna goti, kupiga mluzi, jasho likikutoka. Niliposema “muchele” ulipiga makofi hadi majirani wakadhani kuna goli. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Siku hiyo ndipo nilipojiona mtu kamili.

Tangu mama yangu afariki tulikuwa sisi wawili tu, na polepole nyumba yetu ikaanza kunitosha. Wageni walinisalimia wakiwa mlangoni, bila mikono wala kukumbatiana. Ulikata lebo za shingoni kwenye kila nguo yangu. Nilipotikisika huku na huku kwa furaha, uliendelea kunywa chai yako.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada ya kukuzika. Siku ya kumaliza kilio, familia ilikaa kikao. Unajua desturi yetu: binti asiyeolewa husemewa na wakubwa. Tonton, mdogo wako, alikuwa ameshaamua nifunge mizigo niende kwake Luberizi, nilale chumba kimoja na wanawe, nyumba ipangishwe. Alisema kwa upendo, sitamsingizia. Mwanasaikolojia wetu alikuwa amekuja kutupa pole, basi Tonton akamgeukia yeye.

“Maman, utuambie. Huyu ataweza kuishi peke yake?”

“Mumuulize yeye mwenyewe. Na mungoje ajibu.”

Tonton akaniuliza. Shangazi akakohoa, akafungua kinywa anisemee, mama yule akamwinulia kiganja. Niliogopa, Papa. Nilizoea kutafuta jibu huku nikisikia mluzi wako, na safari hii hakuna aliyepiga mluzi. Walitazama miguu yao, wakangoja, hadi maneno yakanifikia.

“Nitabaki. Najua kupika, nashona, kazi iko. Musinitoe mu nyumba ya papa.”

Tonton alifuta macho. “Basi,” akasema. “Abakie.”

Nilishinda. Mama yule alinipongeza kwa mbali, jinsi ninavyopenda. Jana nikarudi kutoka kushona, nikafungua mlango: taa hafifu, kila kitu mahali pake, hakuna wa kunishika, hakuna wa kunisemesha. Ndivyo nilivyotaka nyumba iwe, na nilikaa humo nikakukosa. Wote walidhani nagombea nyumba. Mimi nilikuwa nakugombea wewe, Papa, nikapewa nyumba.

Pumzika huko uliko, na wakuache uongee.

Binti yako