Vidonge Katika Kibuyu cha Mbegu

Kulesa, 8 Machi 1998

Kwa mwanangu Tuneya,

Salamu tele, na baridi ya Nairobi isikumalize. Sisi tupo. Ujue babako sasa ni daktari. Kiharusi kilichomwangusha mama yako wakati wa mafuriko nimekiponya mwenyewe. Jana kasuka mkeka mzima.

Haya, nimedanganya. Amekunja kidole kimoja cha mkono uliokufa, basi. Nilimwambia nitaoa mwingine anayejua kusuka. Mdomo bado umekwenda upande, lakini tusi alilonitukana nililisikia vizuri sana.

Hiyo kamati yenu ya kiharusi hufanya nini zaidi ya kunywa chai?

Babako

Nairobi, 29 Machi 1998

Baba, shikamoo.

Nimekilia hicho kidole kwa furaha. Kamati inataka hospitali za nchi nzima zifanye kazi pamoja: mtu wa Kulesa apimwe presha kabla hajaanguka, akianguka atibiwe upesi, akirudi nyumbani aonyeshwe mazoezi. Mimi ndiye mwandishi wao.

Mwalimu Josiah anawaletea dawa za presha za miezi sita, maana barabara ya Garsen haina ahadi. Kidonge kimoja kila asubuhi. Na mama asifanyiwe kila kitu, mkono upate kazi.

Mwanao, Tuneya

Kulesa, 17 Mei 1998

Mwanangu, hujambo? Mama yako hajambo, na leo sidanganyi. Amesuka mkeka upana wa kiganja, umepinda kama njia ya ng'ombe. Majirani wanasema namtesa mgonjwa kwa kazi. Yeye anawarushia ukili.

Dawa usitume tena, zipo. Kichwa kikimuuma nampa kimoja. Siku akiwa mzima namwekea. Nimezitia kwenye kibuyu cha mbegu za mpunga. Mto ukifurika tena hatutahangaika. Babako si mjinga wa kula mbegu.

Babako

Nairobi, 12 Juni 1998

Baba, shikamoo. Barua yako imefika leo, siku ishirini na sita njiani. Tafadhali mpe kila siku, hata akicheka, hata akiimba. Presha haiumi. Simu ya Garsen nimepiga, haiiti. Anza ukiisoma hii, usingoje asubuhi.

Tuneya

Kulesa, 21 Juni 1998

Tuneya mwanangu,

Barua hii Josiah anakukabidhi mkononi. Mkaribishe akae, nawe ukae.

Kiharusi kilimrudia mama yako Jumatatu, akisuka. Jua halikuzama naye. Tulimzika kesho yake, joto halingoji mtu. Barua yako ilifika Alhamisi. Nikaisoma, nikaenda kwenye kibuyu. Vidonge vimejaa, vikavu, havina hata mdudu mmoja. Babako ni mtunzaji hodari.

Andika kwenye makaratasi ya kamati kwamba mtu aliyeona mto ukibeba ghala lake hawezi kumaliza kitu, atakiweka tu. Anayempa dawa amwambie hivyo uso kwa uso, amwambie hii si mbegu. Jina langu liandike, sioni haya mbele yao.

Mkeka umebaki nusu. Kusuka sijui. Nimeulalia hivyo hivyo.

Lakini kuna kitu nakudai. Ulipokuwa na miaka saba ulivunja mtungi wa mama yako, nami nikamwambia ni mbuzi. Ukaapa siku moja utanilipa. Basi ukija, pita kaburini kwanza, peke yako. Mwambie vidonge vililiwa na mbuzi.

Babako