Motokari ya Amuri na Kitambaa cha Mama

Kibombo, 14/11/2002

Yaya Geneviève, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi muzima, miguu tu imevimba. Yaya, kaa chini kwanza. Baba hatuko naye tena. Nilimusukuma juu ya kinga, baiskeli yake, siku tatu, nikitafuta dawa ya masista huku Kibombo, kwa kuwa Kindu vita imeifunga na dawa zimekwisha. Alikufa njiani. Mwambie Mama nilimufumba macho mimi mwenyewe.

Kama tungekuwa na motokari, angefika. Nashuka Lubumbashi. Nitarudi na motokari ambayo hakuna kitu kitaifikia.

Mudogo wako, Amuri

Kindu, 6/3/2023

Mudogo wangu Amuri,

Amani ya Kristo iwe kwako. Watoto wanaamukaje? Huku tuko, Mungu anatubeba, magoti tu njo yananisumbua. Nakuandikia kwa sababu Mama anasema maneno ya simu hayakai. Barua anaiweka chini ya godoro, kesho nimusomee tena. Kondakta wa treni, papa Mwamba, amekubali kutubebea.

Mama angali na kitambaa cheusi cha ujane, mwaka wa makumi mawili na moja sasa. Unajua desturi ya kwetu: aliyemufumba marehemu macho njo anamuvua mujane kitambaa. Ni wewe. Ulisema utakuja na ile motokari ya mbio unayotengenezesha Ulaya. Tangu utoe komande waanze kuiunda, mwaka na nusu umepita. Iko wapi?

Yaya wako, Geneviève

Lubumbashi, 20/6/2023

Yaya,

Salamu nyingi, na kwa Mama pia. Magoti yamepata nafuu? Sisi wazima. Motokari kama hii hainunuliwi dukani, yaya. Wanaiunda kwa jina la muntu, moja moja, na kila muntu anangoja kwenye mustari. Moteri yake ina nguvu ya farasi mia tano. Viti wanashona kwa mukono.

Nimefikiri jambo. Munakaa na Mama ng'ambo ya muto, na motokari hii iko chini sana, tumbo karibu linagusa udongo. Enda kwenye kivuko unipimie ule mulango wa chuma wanaoshusha. Unainuka namna gani?

Mudogo wako, Amuri

Kindu, 9/8/2023

Mudogo wangu,

Natumaini barua inakukuta muzima. Nilienda baada ya misa, na mita yangu ya kushonea. Wale wa kivuko wakacheka: "Mama Geneviève, unakishonea kivuko suruali?" Nikawaambia napimia motokari ya ndugu yangu. Mumoja, Ilunga, akauliza: "Ile ya tangu mwaka juzi? Ao inakuja kwa miguu?" Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Chuma kinainuka shibiri mbili. Waambie mafundi wainue tumbo la motokari. Treni ikilia, Mama ananituma niangalie.

Yaya wako, Geneviève

Lubumbashi, 2/2/2024

Yaya,

Heri ya mwaka mupya, hata kama imechelewa. Mama analala vizuri? Wamekubali kuiinua, lakini ukibadilisha unarudi nyuma ya mustari. Nikaona basi, kwa kuwa tunangoja tu, nibadilishe na rangi, mara ya tatu sasa, na ngozi ya viti. Muvumilie.

Mudogo wako, Amuri

Kindu, 25/3/2024

Amuri,

Bwana akulinde. Mama alianguka Jumatano ya Majivu, tangu hapo hasimami. Nilinyamaza, nikisema utakuja.

Rangi umebadilisha mara ya tatu. Mimi nashona nguo za harusi. Bibi arusi akinibadilishia kola mara ya tatu, najua hataki ile harusi. Nakuuliza mbele ya Mungu: unaingoja hiyo motokari, ao unaomba isifike?

Yaya wako, Geneviève

Lubumbashi, 3/8/2025

Yaya,

Sijui nikusalimu namna gani. Zaidi ya mwaka nimekaa na kalamu. Mafundi walikataa kubadilisha tena, wakaituma. Ilifika Mei. Iko hapa uani, ndani ya parsele yangu, chini ya turubai. Wakati mwingine naingia, nakaa, natoka.

Baba sikumufumba macho. Karibu na kijito munyororo wa kinga ulikatika, risasi zikalia. Alinishika shati. Nilimufungua vidole, nikakimbia. Kesho yake niliporudi, wanawake wa kijiji walikuwa wamekwisha kumuzika. Mukono wangu hauwezi kumuvua Mama kitambaa. Nilifikiri, nikifika na motokari ile, watu wataangalia motokari.

Amuri

Kindu, 1/9/2025

Mudogo wangu,

Amani kwako na nyumba yako. Nilimusomea Mama. Pale pa risasi niliruka. Akasema, "Rudi pale uliporuka." Nikasoma yote. Akamaliza kumi moja ya rozari, halafu akasema:

"Aliyemufumba ni mama Odette, wa kule kijitoni. Vita ilipotulia alikuja hapa, akaniletea mukanda wa baba yenu. Alitaka kunivua kitambaa siku ile. Nilikataa. Nilitaka mutoto wangu aniambie mwenyewe."

Miaka yote hiyo alijua, Amuri. Hata mimi alinificha.

Nilikukasirikia siku mbili, sikufichi. Siku ya tatu nilienda kuungama, padri akanipa malipizi ya kukushonea shati. Shingo yako ingali ni arobaini? Nimekata ya arobaini na moja, pengine umenenepa.

Mama Odette tumemuita, atalala kwetu. Mama anasema Odette atafungua fundo, wewe utaondoa kitambaa. Mama anakula vijiko viwili vya uji, halafu anachoka. Motokari iache chini ya turubai, hapa hakuna anayetaka kuiangalia.

Papa Mwamba anakupa barua hii mukononi. Usijibu. Treni yake inatoka huko Jumatano.

Yaya wako, Geneviève