Hapa Ndipo Nyumbani Kwenu

Pátzcuaro, Jumapili

Mdogo wangu Amparo,

Pokea salamu za huku. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote, na Mama ni mzima, ingawa haongei nami sana.

Nikueleze basi. Wiki iliyopita nilipewa wanawake sita wageni, niwatembeze mjini na kuwafundisha kutarizi. Tulipopita mtaani kwetu nikawaonyesha mlango, nikasema kama tusemavyo sote, "Hapa ndipo nyumbani kwenu." Wewe unajua ni adabu tu. Wao hawakujua. Kesho yake mchana wakabisha hodi, na maua mikononi!

Mama ndiye aliyefungua, miguu mitupu, na sketi yake ya sufu, akawakaribisha kwa Kipurépecha, lugha ya mababu zake, wenyeji wa asili wa huku. Mmoja akaniuliza, "Huyu mama ni nani?"

Nami, niliyekwisha kujisifu kwao kwamba ukoo wetu ni Wahispania watupu, nikajibu, "Mtumishi wetu."

Kihispania Mama anakisikia vizuri, Amparo. Hakununa. Akawamiminia uji wa mahindi, akainama mbele yangu: "Nikuongeze, senyora?" Wageni wakampenda kupita kiasi, wote wakataka kupiga naye picha. Mpiga picha nikawa mimi.

Wameshaondoka. Mama bado anakula jikoni peke yake. Jana nilimpigia magoti: "Mama, njoo mezani. Hapa ni nyumbani kwako."

Akaendelea kuosha sahani. "Asante, senyora. Najua ni adabu tu."

Mpigie simu, tafadhali.

Dada yako, kama bado unanitaka,
Otilia