Nimezisahihisha Siri za Watoto kwa Kalamu Nyekundu

Mama Mkubwa wa ukurasa wa barua,

Shikamoo. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, msomaji wako ni mke wangu, na ndiye aliyenisukumia karatasi hii huku anacheka mpaka anashikilia meza, akasema mwandikie Mama Mkubwa maana mimi ukiniuliza nitacheka tena, kwa hiyo tafadhali nisaidie, tena nisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa wazazi wanakuja shuleni na mimi sina pa kuuweka uso wangu.

Nafundisha hesabu shule ya sekondari, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Wiki iliyopita shule yetu ilikuwa na siku ya warsha, siku nzima hakuna somo, kengele inalia na watoto wanahama chumba hadi chumba, huku wanazungumzia kuishi na mtu asiyefanana na wewe, kule wanazungumzia namna ya kutomwacha mwenzako nje, maabara wanafundishwa kupumua taratibu wakishikwa na hofu, na mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye ndiye aliyeyapanga yote hayo, akatupigisha kura nani asimamie chumba gani, na mimi, Mama Mkubwa, mimi ninayefundisha nimeligeuzia darasa mgongo naongea na ubao, nikaangukia Chumba cha Kusikiliza. Walimu wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Lakini nakwambia ukweli, niliifurahia siku ile. Tuliondoa madawati, watoto wakakaa chini duara, tukaweka sheria kwamba anayeshika kifutio ndiye anayesema na wengine wote kimya, na kifutio kile kilizunguka, watoto ambao sijawahi kuwasikia sauti wakaongea, hata mimi nilikishika mara mbili. Sasa kila chumba kilikuwa na sanduku lake, boksi la viatu limetobolewa juu, na mwanafunzi anaandika jambo moja linalomlemea, bila jina, analitumbukiza katika sanduku lolote analotaka kati ya yale matano. Waliahidiwa kwamba hakuna atakayetafutwa, na kwamba karatasi zitatundikwa kwenye kamba ukumbini Ijumaa ili wazazi wasome watoto wao wanabeba nini.

Warsha ilipokwisha nikaenda na sanduku langu chumba cha walimu, mwalimu wa michezo ananisimulia mechi, nami naitikia ndiyo, ndiyo, kumbe mkono wangu umefanya ulichozoea, umefungua karatasi moja baada ya nyingine, umechukua kalamu nyekundu, na umesahihisha. Zote. Thelathini na nane. Nimezinduka natafuta wastani wa darasa.

Mama Mkubwa, hebu sikiliza. Mtoto ameandika, "Mimi ni mgeni hapa na kila mtu ananiuliza nitarudi lini kwetu," nami pembeni nimeandika, "Taja tarehe," nikampa saba. Mwingine, "Baba na mama hawaongei, mimi ndiye napeleka maneno kutoka sebuleni hadi jikoni," nimempa nane, "Lugha safi." Mwingine, "Natamani mwalimu aniulize hali yangu kabla hajaniuliza kazi ya nyumbani," na mkono huu huu ninaokuandikia umeandika chini yake, "Kazi ya nyumbani iko wapi?"

Ningekuwa nimejipalia makaa kwa hayo tu ningevumilia. Ila kuna karatasi moja. Mimi hujigamba sana darasani kwamba namjua kila mwanafunzi kwa mwandiko wake hata akiandikia mguu, kwa hiyo siku ile wengi walijificha, wengine kwa herufi kubwa tupu, wengine kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba. Karatasi hii moja haikujificha, mwandiko ni wa kila siku, na kichwa chake kimepigiwa mstari kwa rula kama daftari la hesabu. Imeandikwa hivi: "Jina langu si Rudia. Sikio langu la kushoto halisikii tangu nilipougua nikiwa darasa la tatu, na ninakaa upande ambao hilo bovu ndilo linaloelekea ubao. Naogopa kusema kwa kuwa watacheka. Hesabu naipenda sana ila sisikii nusu yake." Nikampa tano. Nikaandika, "Nusu ipi? Onyesha njia."

Namjua. Ni binti anayeinua mkono kila kipindi, "Samahani mwalimu, hebu rudia," na mimi ndiye niliyemwita Rudia, siku moja tu kwa utani, darasa likavunjika mbavu, jina likamganda, sasa ni muhula wa tatu na hata wa madarasa mengine wanamwita hivyo. Jumatatu nikajitia kurekebisha, alipoinua mkono tu nikaanza kupaza sauti kama napiga mnada, darasa zima likashtuka, mmoja akaniuliza kama nyumbani kwema. Binti akaushusha mkono wake taratibu, na tangu hapo hajauinua tena.

Sasa nifanye nini? Nikimwita, nimevunja ahadi kwamba hakuna atakayetafutwa. Nikinyamaza, anaendelea kukosa nusu ya somo analolipenda na mimi najua. Na zile karatasi mwalimu wa ushauri nasaha ananidai kila siku, namwambia bado nazipanga. Nimefikiria kuzichoma, nimefikiria kusema sanduku limepotea, nimefikiria kuzinakili upya kwa mkono wangu, lakini mke wangu amenikumbusha kwamba watoto nao wanaujua mwandiko wangu. Nisaidie, Mama Mkubwa, sijawahi kushindwa swali namna hii.

Ni mimi,
Mwalimu wa Hesabu

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Jibu hili nilikutumia nyumbani siku ile ile niliyopata barua yako, ili uiwahi Ijumaa. Hapa gazetini nimebadilisha sikio, ugonjwa, darasa, na lile jina la utani nimeweka jingine la jamii hiyo hiyo, ili binti wa watu asinyooshewe kidole. Sasa tuongee.

Nimecheka, sikufichi. Ile ya "Taja tarehe" nimeisoma kwa sauti ofisini, na mhariri wetu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alitoka nje. Kisha nikafika kwenye karatasi ya yule binti nikairudia kuisoma peke yangu.

Kalamu nyekundu nakusamehe. Mkono uliosahihisha miaka ishirini na mbili unaenda wenyewe, na ungekuwa fundi cherehani ungezikunja pindo. Jina Rudia sikusamehei. Mtoto anakuomba kwa adabu, samahani mwalimu, kila kipindi, muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wewe mtaalamu wa kuona mambo yanayojirudia hukujiuliza kwa nini? Ulipata kichekesho ukatosheka nacho. Aibu hiyo ibebe kidogo, usiitue haraka.

Sasa acha ujanja. Huchomi kitu, hakuna sanduku lililopotea, na kunakili usithubutu. Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha ukamwambie kama ulivyoniambia mimi. Atakucheka, mwache acheke, akimaliza atakusaidia. Mkabidhi karatasi zote azifungie kabatini mwake, isipokuwa moja, nitakwambia ipi.

Kesho asubuhi mstarini, simama mbele ya shule nzima useme: nilipewa siri zenu nikazisahihisha kama mtihani, nimekosea, nisameheni. Usitoe hotuba. Walimu mkipewa nafasi ya kuomba radhi mnaigeuza somo. Sema hayo matatu ushuke. Kila mwanafunzi apewe karatasi mpya, atakayetaka aandike tena, asiyetaka arudishe nyeupe, na nyeupe nazo zitundikwe, wazazi wazione. Ya kwanza kabisa kwenye kamba iwe yako, yenye mwandiko wako na jina lako. Pembeni yake ning'iniza kalamu nyekundu, anayepita akupe alama. Ukipata nne, shukuru.

Nimebakisha binti.

Unaniuliza utamwendeaje bila kuvunja ahadi. Mwalimu, kwa hesabu wewe ni bingwa, lakini hii hukuikokotoa. Masanduku yalikuwa mangapi? Matano. Aliruhusiwa kutumbukiza wapi? Popote. Angeweza kuiacha maabara kule wanakopumua taratibu, wala usingeijua maisha yako yote. Akaja kwako. Shule nzima inajua unatambua miandiko, wenzake wakahangaika na herufi kubwa na mikono ya kushoto, yeye akaandika kwa mwandiko wake na rula akapiga. Mtoto anayejificha hapigi mstari kwa rula! Hiyo haikuwa siri ya sandukuni, ile ni barua, na ni yako wewe. Wewe hutafuti mtu, umeandikiwa, na aliyeandikiwa hujibu.

Kwa hiyo karatasi hiyo hutundiki wala humkabidhi mtu. Itunze wewe, na umjibu pale mnapoandikiana siku zote, kwenye daftari lake la hesabu, siku unayosahihisha madaftari ya darasa zima, ambapo hakuna atakayechungulia. Tumia kalamu ya bluu. Andika umeisoma, andika unaomba radhi kwa lile jina, muulize angependa kukaa wapi na kama angependa nyumbani na mwalimu wa ushauri nasaha wajue, kisha ungoje. Akijibu ukurasa mzima, soma ukurasa mzima. Akijibu neno moja, fuata hilo neno moja.

Usingoje jibu lake, hata hivyo, kwa mambo ambayo ungepaswa kuyafanya zamani. Wapange wanafunzi wote upya kwa kura, kila wiki mbili wahame, ili yeye akihamia upande unaomfaa pasiwe na wa kuuliza. Geuka! Ubao hauna masikio, watoto wanayo, hata kama ni moja. Kazi ya nyumbani iandike, usiitupe mdomoni kengele ikilia. Na ule mnada wa Jumatatu usiurudie, asiyesikia vizuri anahitaji uso wako, hahitaji kelele zako.

Halafu jina. Kesho ukiingia darasani muite jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, mbele ya wote, bila kulieleza. Atakayesema Rudia mwambie kwa upole kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo, na kwamba mwalimu aliyelileta amelichukua mwenyewe. Ukisikia wamekuita wewe Mwalimu Rudia, na watakuita, itika.

Iko siku atauinua tena mkono wake. Huenda ikachukua wiki, huenda ikachukua muhula, usihesabu. Siku hiyo huenda sauti yake ikawa ndogo mno, maana atakuwa anajaribu. Isipokufikia, usijifanye umeelewa, wala usimtazame jirani yake akutafsirie. Weka chaki chini, msogelee hadi kwenye dawati lake, useme mwenyewe, darasa zima likisikia: "Samahani, hebu rudia."