Anayeingoja Nazi ni Wali Tu

Jumatano, Kibamba

Bado nacheka peke yangu, mie niliyeishia darasa la nne.

Mwanangu Sihaba anatunga programu ya kuamsha kompyuta, inayopanga kipi kianze na kipi kifuate. Ile iliyokuja na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, anasema inazubaa mno. Ijumaa anawaonyesha wakubwa wake kazini. Wakiikataa, wanamrudisha kupiga chapa barua. Roho yangu haitulii.

Mchana nimemkuta kajiinamia.

"Mama, vitu vyote vya kuanzishwa vimekaa foleni. Laini ya simu ya kuleta intaneti isipoitika, vinaisubiri hiyohiyo."

Nikamwambia, "We mtoto, tukipika shughulini nazi ikachelewa, mkata vitunguu anaweka kisu chini? Anayeingoja nazi ni wali tu. Wengine kazi inaendelea."

Akanitazama. "Hebu rudia, mama."

Nikarudia. Akaandika mpaka chai yake ikapoa. Saa kumi akaizima kompyuta, akaiwasha. Ikaamka hata sijamaliza kujifunga khanga!

"Shikamoo, fundi," akanitania.

Laini ya simu bado haiitiki, ila vingine haviisubiri tena. Ijumaa naiogopa, sifichi. Lakini kufurahi nimeshaanza, siingoji.